Kobe afugwaye ndani: Taa ya kawaida haitoshi

KOBE anayefugwa ndani ya nyumba anaweza kupewa majani mabichi na maji kila siku, na bado gamba lake likalainika, miguu ikapinda na hatimaye akafa. Mara nyingi kinachokosekana si chakula, bali jua.

Hatari hiyo huongezeka katika maeneo yenye baridi kama Isongole, wilayani Ileje, mkoani Songwe, hasa miezi ya Juni na Julai, milango na madirisha yanapofungwa.

Kobe hazalishi joto la kutosha mwilini kama binadamu. Hutegemea joto la nje ili aweze kutembea na kusaga chakula. Aidha, ngozi yake huhitaji miale ya urujuanimno ya jua ili kutengeneza vitamini D3, inayouwezesha mwili kufyonza madini ya kalsiamu. Ikikosekana, mwili huchota madini hayo kutoka kwenye mifupa na gamba.

Kumweka nyuma ya dirisha hakusaidii, kwani kioo huzuia sehemu kubwa ya miale inayohitajika. Balbu za kawaida nazo hazitoi miale hiyo.

Kwa sababu hiyo, kobe wa ndani huhitaji taa mbili: moja ya joto, inayofikisha nyuzi joto 32 hadi 35 upande mmoja wa banda, na nyingine maalumu ya miale ya urujuanimno. Upande wa pili huachwa na ubaridi na kivuli. Taa huwashwa kwa saa 10 hadi 12 mchana na kuzimwa usiku. Ile ya miale hubadilishwa kwa kufuata maelekezo ya mtengenezaji, kwani miale hupungua ingawa taa bado inawaka.

Asiyeweza kupata taa hizo anashauriwa kumtoa kobe nje kila siku, katika uzio wenye kivuli na maji. Hivyo ndivyo wanavyoishi kobe wakubwa wa Kisiwa cha Changuu, Zanzibar, ambao asili yao ni Shelisheli.

Kobe ambaye gamba lake limekwisha kulainika apelekwe kwa daktari wa mifugo mapema, kwa kuwa mifupa iliyopinda hainyooshwi na taa.

Hata hivyo, kabla ya kununua taa, mfugaji anapaswa kuwa na kibali. Kobe ni mnyamapori, na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu kummiliki kiholela.