Kwa Nini Maharage Hukawia Kuiva Singida

Wanafunzi wenzetu waliotoka Dar es Salaam na Tanga husema kwamba maharage ya Singida ni magumu. Napenda kuwaeleza wasomaji kwamba maharage hayana kosa. Tofauti iko katika maji yanayoyapika.

Wengi wetu tumekariri kwamba maji huchemka kwenye nyuzi 100 za Sentigredi. Hayo ni kweli pwani, kwenye usawa wa bahari. Lakini mji wa Singida uko mita 1,500 hivi juu ya usawa huo. Huku juu hewa hukandamiza maji kwa nguvu ndogo kuliko pwani, kwa hiyo maji hayangoji nyuzi 100; huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Tena, maji yakisha kuchemka, joto lake haliongezeki hata ukirundika kuni namna gani. Kuni za ziada huyageuza maji kuwa mvuke tu, nao hupaa ukaenda zake. Basi mama anayechochea moto saa tatu chini ya sufuria ya makande anapika kwa nyuzi 95 zile zile, na kuni nyingi zinapotea bure.

Hasara hiyo si ya mama peke yake. Mdogo wangu wa kike yuko darasa la sita. Siku mbili au tatu za juma huenda kuokota kuni baada ya masomo, na siku hizo hafungui daftari mpaka usiku, macho yakiwa mazito. Kwa hiyo habari ya nyuzi 95 si ya mtihani wa fizikia tu.

Ziko njia mbili za kuishinda shida hii. Njia ya kwanza ni kuufunga mvuke. Mwaka 1679 Mfaransa mmoja, Denis Papin, aliwaonyesha wataalamu wa Royal Society mjini London chombo chenye mfuniko uliokazwa sana. Mvuke ukikosa njia huyakandamiza maji, nayo hayachemki mpaka yapate joto kubwa zaidi. Sufuria za presha za siku hizi hupita nyuzi 110, na nyingine hukaribia 120. Maharage yaliyolowekwa usiku kucha huweza kuiva humo kwa nusu saa hivi.

Watu wengi huiogopa sufuria hii wasije wakaunguzwa na mvuke. Hofu yao si ya bure, lakini sufuria ina masharti yake. Maji yawe ya kutosha. Maharage na maji pamoja yasizidi nusu ya sufuria, maana povu lake huweza kuziba tundu la mvuke. Tundu hilo na mpira wa mfuniko vikaguliwe kila mara kabla ya kupika. Na mfuniko usifunguliwe kwa nguvu kamwe. Mvuke wote utoke kwanza.

Zipo sufuria za presha zinazotumia umeme. Jiko la wati 1,000 likiwaka saa nzima bila kukatika hutumia uniti moja. Lakini hili hukata umeme lenyewe likisha kupata joto linalotakiwa, hivyo hutumia chini ya hapo. Tatizo ni bei ya kulinunua, na kwamba umeme ukikatika chakula husimama.

Njia ya pili haidai umeme wala fedha nyingi: ni kulitunza joto. Nilipomweleza mama alicheka, akasema, "Mwanangu, chakula kitaivaje bila moto?" Swali lake ni zuri. Jibu ni kwamba joto linalotakiwa limo sufuriani tayari. Kazi yetu ni kulizuia lisitoke. Twaa kikapu kikubwa, ukitandike ndani nyasi kavu au magunia na blanketi kuukuu, kwa unene wa shibiri moja pande zote. Loweka maharage usiku, asubuhi mwaga maji hayo, tia mengine, uyachemshe kwa nguvu nusu saa. Funika sufuria, itie kikapuni ingali inatokota, weka mto mzito juu, usifunue kwa saa nne. Kisha uirudishe motoni kidogo ichemke kabla ya kula. Tulijaribu nyumbani wakati wa likizo ya Juni, na maharage yakawa laini. Moto uliwaka kama dakika 40 tu kwa jumla.

Hapo pana onyo moja ambalo kila mpishi yampasa alijue. Maharage, hasa mekundu, yana sumu ambayo huvunjika kwa kuchemka kwa nguvu tu. Joto la polepole peke yake haliiondoi. Kwa sababu hiyo usiruke kule kuchemsha kwa kwanza, wala katika kikapu, wala katika jiko la umeme la kupika polepole. Pia chakula kisiachwe kikapuni kikapoa mpaka kesho, kwani kitaharibika.

Mwezi Mei 2024 Serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa nishati safi ya kupikia, unaolenga kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo. Jambo hilo ni jema, na sufuria ya presha ya umeme ina nafasi yake humo. Lakini nyumba ambayo haijapata umeme leo haina haja ya kukaa ikingoja. Vikapu tunavyo, nyasi tunazo, na mabinti wanaohitaji saa moja zaidi ya kusoma jioni wamo karibu katika kila mji wa kwetu.

Mwanafunzi wa Kidato cha IV