Python Tatu, Kompyuta Moja: Usifute, Tenganisha

Safari hii tuongee jambo linalowasumbua wengi, sio watu wa kompyuta peke yao. Laoshi anakupa kodi iliyoachwa na shixiong aliyekwisha hitimu. Ukiiendesha kwako, inagoma. Au mbaya zaidi: inakubali, halafu majibu si yale.

Chanzo ni nini? Python 3 ilitoka Desemba 2008, na kwa makusudi haikufuata kila kitu cha Python 2. Huduma za Python 2 zilikoma tarehe 1 Januari 2020, lakini kodi zake bado zipo maabara. Chukua mfano mdogo: ukiandika 7/2, Python 2 inakupa 3, Python 3 inakupa 3.5. Hakuna onyo lolote. Kwa hiyo jedwali la tasnifu yako linaweza kubadilika kimya kimya, ukaja kuulizwa siku ya utetezi. Hata Python 3 zenyewe hazifanani. Ile ya 3.12, ya Oktoba 2023, iliondoa distutils, na maktaba kadhaa za zamani zilikuwa zinaitegemea.

Wengi hapo hukimbilia kufuta. Usifute bwana! Hasa kama unatumia Ubuntu: mfumo wenyewe unaitegemea Python yake, ukiing'oa unaweza kuharibu kila kitu. Python tatu zinakaa pamoja bila ugomvi. Cha muhimu ni kujua ipi inaitika.

Ukiandika python, kompyuta inapitia orodha ya folda iitwayo PATH, toka mwanzo. Ya kwanza kuonekana ndiyo inayochukuliwa. Ni kama kuita "Juma!" bwenini kwenye akina Juma watatu: atatoka wa chumba cha karibu, sio lazima unayemtaka.

Sasa fanya hivi:

1. Uliza kwanza nani anaitika: python --version. Kwenye Windows, py -0 inakuonyesha zote ulizonazo.

2. Kila kazi ipe chumba chake. Windows: py -3.11 -m venv tasnifu. Linux na Mac: python3.11 -m venv tasnifu.

3. Ingia chumbani kabla ya kazi. Windows: tasnifu\Scripts\activate. Linux na Mac: source tasnifu/bin/activate.

4. Kupakua maktaba kutoka nje ya China kunaweza kuchosha. Tumia nakala ya Chuo Kikuu cha Tsinghua: pip install numpy -i https://pypi.tuna.tsinghua.edu.cn/simple

5. Ukimaliza, andika orodha: pip freeze > requirements.txt. Juu yake ongeza alama ya # na namba ya Python uliyotumia.

Hatua ya tano ndiyo inayorukwa sana, na ndiyo iliyokuletea taabu zote hizi. Kesho wewe ndiye shixiong au shijie. Anayekuja nyuma yako, pengine katoka Mwanza au Kisumu, asihangaike.