Samaki naye huchanjwa: funzo la Norwei kwa wafugaji wetu wa Pwani

Chanjo ya watoto tunaijua, na ya kuku na ng'ombe pia. Lakini ukimwambia mvuvi wa Shimoni au Ngomeni kwamba kuna nchi ambako samaki hudungwa sindano mmoja mmoja, kwa mamilioni, huenda akacheka. Ndivyo ilivyo Norwei, na sababu yake inatuhusu sisi tunaochimba mabwawa ya samaki.

Norwei ndiyo inayoongoza duniani kwa ufugaji wa salmoni. Samaki huyu huanguliwa katika maji baridi yasiyo na chumvi, kisha akishakua kiasi huhamishiwa baharini katika vizimba vya nyavu. Kizimba kimoja huruhusiwa kuwa na samaki hadi 200,000. Sisi husema samaki mmoja akioza, wote wameoza. Kwa mfugaji wa salmoni, hayo ni mambo ya kuyaona kwa macho: bakteria akimpata mmoja, maji yaleyale humfikisha kwa wenzake wote.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 ulizuka ugonjwa uliopewa jina la kisiwa cha Hitra. Huo hushika wakati wa baridi, na samaki huvuja damu ndani ya mwili. Kabla haujadhibitiwa, mwaka 1985 ukaingia mwingine, furankulosisi, unaotoa majipu mwilini. Uliletwa na vifaranga vya salmoni walionunuliwa Uskoti. Ndani ya miaka michache ulikuwa umeshafika mamia ya mashamba, na hata salmoni wa mwituni mitoni hawakusalimika.

Wafugaji wakakimbilia antibiotiki, wakizichanganya na chakula. Mwaka 1987 pekee zilitumika takriban tani 50, ilhali samaki waliovunwa hawakufika tani 60,000. Hiyo ni karibu kilo nzima ya dawa kwa kila tani ya samaki.

Tatizo ni kwamba samaki mgonjwa hali. Dawa huliwa na mzima, naye aliyeihitaji huipita tu. Kinachobaki huzama chini ya bahari, na huko bakteria hupata nafasi ya kuzoea dawa hadi isiwadhuru tena. Baadhi ya dawa hizo ni za jamii ileile ya tetrasaiklini tunayopewa sisi hospitalini. Usugu ukizaliwa majini, hauna mpaka wa kuuzuia kumfikia mwanadamu.

Chanjo ndiyo iliyowaokoa. Huchukuliwa bakteria wa ugonjwa wenyewe, wakauawa, kisha mwili wa samaki ukaonyeshwa mizoga yao ili umjue adui kabla hajaja. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ikapatikana chanjo ya furankulosisi iliyochanganywa na mafuta, ambayo hukaa tumboni na kuukumbusha mwili kwa muda mrefu. Samaki hutiwa kwanza katika maji yenye dawa ya usingizi, kisha mtu au mashine humdunga tumboni kiasi cha tone moja au mawili.

Baada ya hapo hasafirishwi mara moja. Samaki hana joto lake mwenyewe, hivyo kinga yake hujengeka kwa kasi ya joto la maji. Wafugaji huzidisha siku kwa nyuzi za joto na kusubiri hesabu ifike kama 500. Maji yakiwa na nyuzi 10, ni siku 50; yakiwa na nyuzi 5, ni siku 100.

Trauti naye ana chanjo zake. Ile ya ugonjwa wa mdomo mwekundu ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1976, na vifaranga huchovywa tu katika maji ya chanjo kwa muda mfupi. Trauti wako hata hapa Kenya, katika mito baridi ya Mlima Kenya na Aberdare, na huzalishwa Kiganjo karibu na Nyeri.

Matokeo? Leo Norwei huvuna zaidi ya tani milioni moja za salmoni kwa mwaka, na kwa miaka mingi sasa antibiotiki inazotumia hazifiki tani moja.

Hata hivyo, chanjo si hirizi. Yale mafuta huweza kugandamanisha viungo vya tumboni na kumchelewesha samaki kukua. Na huko Chile kuna bakteria anayejificha ndani ya chembe za mwili wa samaki, ambaye chanjo zimeshindwa kumzuia vya kutosha. Kwa hiyo wafugaji wa huko bado hutumia mamia ya tani za antibiotiki kila mwaka.

Kilifi na Kwale tuna vikundi vinavyofuga mwatiko na mkizi kando ya mikoko. Chanjo ya salmoni haitamfaa mwatiko, kwani kila chanjo hutengenezewa bakteria wake. Lakini funzo la 1985 linatufaa: ugonjwa uliingia pamoja na vifaranga. Jua vifaranga wako wametoka wapi, na usiwachanganye na wa zamani kabla ya kuwatenga na kuwatazama. Usiwasonge bwawani. Nyavu uliyoazimwa ioshe na uikaushe juani kabla ya kuitumia.

Na samaki wakianza kuelea, usikimbilie duka la dawa za mifugo kununua antibiotiki ya kukisia. Mwite afisa wa uvuvi au daktari wa mifugo, umpe samaki aliyekufa karibuni akapimwe. Dawa unayoimwaga bwawani leo bila kujua ugonjwa, ndiyo huenda kesho ikashindwa kumtibu mwanao.