KCPE Ilikufa, Presha Ikabaki: Vile Muhula wa Mwisho wa Gredi 6 Huenda Eastlando

Kama umewahi kuamka saa kumi na moja asubuhi mwezi wa kumi huku Kayole, Umoja ama Dandora, hii muvi unaijua. Taa ya jikoni inawaka, mathe anachemsha chai, na dogo amekaa kwa kochi na yunifomu, macho nusu, anapitia maswali ya Hisabati. Nje makanga washaanza kuita watu wa tao. Ukiuliza kwani kuna nini, jibu ni moja tu: "Wacha kelele, ako Gredi 6."

Sasa ukweli usemwe. Wengi wetu tunaosoma hii stori tulifanya KCPE. Dogo akitaja mtihani, akili zetu zinaruka moja kwa moja hadi zile alama 500, majina ya shule za kitaifa, na majirani wakiuliza "alipata ngapi?" mpaka kwa foleni ya maji. Shida ni kwamba tunampea mtoi presha ya mtihani uliokufa, alafu yale mambo yenye uzito kweli yanatupita.

Kwa hivyo kama kwenu kuna mtoi anamaliza primo, tulia hapa dakika tano. Hii ndiyo rada.

Kwanza, ile KCPE yako haiko tena

KCPE ilianza 1985, wakati mfumo wa 8-4-4 uliingia. Ya mwisho kabisa ilianza tarehe 30 Oktoba 2023, na watahiniwa walikuwa zaidi ya milioni 1.4. Matokeo yakatoka 23 Novemba mwaka huo huo na stori ikaishia hapo. Daro la nane halipo tena.

Mtihani ule ulikuwa kama mlango mmoja wenye bawabu mmoja. Siku tatu tu, na hizo siku tatu ndizo zilikuwa zinaamua kama unaenda shule ya kitaifa, ya kaunti, ama ile ya mtaani ya kwenda na kurudi. Miaka nane yote ya kusoma ilikuwa inapimwa kwa hizo siku. Kama uliamka na malaria, pole yako.

CBC iliingia nchi nzima 2019, ikianzia shule ya chekechea hadi Gredi 3. Kundi la mbele likafika Gredi 6 mwaka wa 2022, na Novemba hiyo wakafanya KPSEA ya kwanza kabisa. Walikuwa na karatasi tano: Hisabati, Kiingereza, Kiswahili, Sayansi Jumuishi, na ile ya Sanaa Bunifu ikiwa pamoja na Maarifa ya Jamii. Wakaingia Gredi 7 mwaka wa 2023, wakafanya KJSEA ya Gredi 9 mwaka wa 2025, na Januari 2026 ndio wakafungua njia ya Gredi 10. Mfumo siku hizi wanauita CBE, lakini mtaani watu bado wanasema CBC na wanaelewana.

So KPSEA ni ya nini?

Hapa ndipo watu huchanganyikiwa, na kuna makundi mawili.

Kundi la kwanza ni la wazazi wanaoichukua kama KCPE. Mtoi haruhusiwi kucheza, haruhusiwi kuangalia katuni, anasoma hadi anasinzia juu ya kitabu. Ukiuliza ni kwa nini, unaambiwa "anatafuta shule nzuri."

Lakini KPSEA haichagulii mtu shule. Hakuna barua ya kuitwa mahali. Dogo akimaliza Gredi 6 anaingia Gredi 7, apate alama gani apate. Na mara nyingi Gredi 7 yenyewe iko hapo hapo, kwa sababu iliamuliwa Junior ikae ndani ya shule za msingi. Pia hakuna kuorodheshwa namba moja hadi ya mwisho. Matokeo huja kwa viwango: amezidi matarajio, amefikia matarajio, anakaribia matarajio, ama yuko chini ya matarajio. Shule huyatoa kwa mtambo wa KNEC.

Kundi la pili ndilo limesikia hiyo habari nusu, likasema "kumbe ni bure tu, haina maana." Hao pia wamepotea.

KPSEA inahesabiwa baadaye. Dogo akifika Gredi 9, alama zake za mwisho huwa na vipande vitatu. KPSEA ya Gredi 6 ina asilimia 20. Tathmini za shuleni za Gredi 7 na 8 zina asilimia 20. KJSEA yenyewe ndiyo ina asilimia 60. Hiyo jumla ndiyo humsaidia kupangiwa Gredi 10, na njia atakayofuata: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, ama sanaa na michezo.

Tupige hesabu ya haraka ndio uone. Kila alama tano za KPSEA zinageuka alama moja kwa ile jumla ya 100. Mtoi aliyepata 70 kwa mia anabeba 14 kati ya 20. Aliyepata 50 anabeba 10. Tofauti ni alama nne, na bado kuna 80 za kupigania miaka mitatu inayofuata. Si kitu cha kudharau, lakini pia si kitu cha kumnyima mtoto wa miaka kumi na miwili usingizi.

Na zile projekti za Gredi 4 na 5 zilizofanya mathe azunguke Gikomba akitafuta vitambaa na makatoni saa mbili usiku? Hizo pia hazikuwa mchezo. Tathmini za hayo madarasa shule huzipakia kwa mtambo wa KNEC, kwa hivyo rekodi ya dogo ilianza kujengwa kabla hata ajue KPSEA ni nini.

Vile hizo wiki huenda

Muhula wa tatu ni mfupi ajabu. Mwaka wa 2025 ulikuwa wiki tisa pekee, Agosti ikiisha hadi tarehe 24 Oktoba, alafu Jumatatu iliyofuata mtihani ukaanza. Ndani ya hizo wiki tisa mwalimu anataka kumaliza silabasi, kurudia ya zamani, kufanya majaribio, na kufundisha watoi vile wanajaza karatasi ya majibu. Hiyo ya mwisho usiicheke. Maswali ni ya kuchagua jibu, na mtoi anayejua kila kitu lakini anaruka mstari mmoja kwa ile karatasi anaweza kukosa majibu yote yanayofuata.

Siku chache kabla ya mtihani huwa kuna zoezi la kupanga mambo. Madawati yanatenganishwa, watoi wanaonyeshwa pa kukaa, sheria zinasomwa. Watoto wa madarasa ya chini huwa washaenda zao likizo, na kiwanja chenye kelele mwaka mzima kinanyamaza ghafla. Kwa watoi wengi, huo ukimya ndio huwatia tumbo joto kuliko maswali yenyewe.

Asubuhi ya mtihani, mwalimu mkuu anakuwa ameamka mapema kuliko mwenye kibanda cha mandazi. Karatasi hazikai shuleni. Zinachukuliwa kwa kontena iliyofungwa, maafisa wa serikali wakishuhudia, alafu zinasindikizwa na makarao. Huo utaratibu wa makontena ulikolea 2016, wakati Fred Matiang'i alikuwa waziri wa elimu na wizi wa mitihani ulikuwa umezidi. So dogo akirudi akisema aliona karao na bunduki shuleni, usishtuke. Mwambie mapema ndio asishikwe na woga akifika getini.

Mwaka huo huo wa 2016 ndio Matiang'i alipiga marufuku siku za maombi, siku za kutembelewa na sherehe zingine muhula wa tatu. Kama ulimaliza primo kabla ya hapo, unakumbuka: wazazi wamejaa uwanjani, pasta anaombea kalamu na rula, mathe analia hata kama hajui analilia nini. Siku hizi, mahali pengi, maombi yamesogezwa nyuma hadi muhula wa pili ama yamehamia kanisani na msikitini. Lakini ile ya kuandikiana majina kwa shati siku ya mwisho, hiyo hakuna waziri ameiweza.

Sasa tuongee kuhusu doo

Hapa mathe na buda huumia kimya kimya, kwa hivyo shika haya mambo matatu.

Moja, kusajiliwa kwa KPSEA hakujakuwa na ada ya mzazi. Hadi mtihani wa 2025, serikali ndiyo ilikuwa inalipia. Mtu akiitisha pesa ya "kuandikishwa KNEC", uliza risiti na uulize ni ya nini haswa.

Mbili, masomo ya ziada wakati wa likizo yamekatazwa na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013. Si ushauri wa bure, ni kosa lenye faini isiyozidi shilingi 100,000 ama kifungo kisichozidi mwaka mmoja, ama zote mbili. Najua mtaani inafanyika na inabadilishwa majina kila mwaka. Najua pia kuna mzazi anayelipa kwa sababu anaogopa wake ataachwa nyuma. Lakini ni vizuri ujue kwamba mzazi akikataa, hajavunja sheria yoyote.

Tatu, elimu ya msingi kwa shule za umma imekuwa bila karo tangu 2003, na serikali hupangia kila mtoto wa primo shilingi 1,420 kwa mwaka. Sasa gawa hiyo na siku za shule uone vile ni kidogo. Hapo ndipo zile mia mia za karatasi za majaribio hutoka. Mwalimu mkuu ana pengo, mzazi wa ploti hana, na mtoi ndiye huambiwa akae nje ya daro. Huyo katikati hakuunda hiyo shida, na hafai kuilipia kwa aibu.

Akimaliza, anaenda wapi?

Kitambo, kumaliza primo kulikuwa kuondoka. Unapata barua, unaenda Kamukunji na buda kununua sanduku la bati, unaandikwa jina na rangi nyeupe, unaaga mbogi. Hiyo safari sasa imesukumwa hadi Gredi 10. Dogo wa Gredi 6 anafunga Oktoba, na Januari anarudi kwa geti ile ile, labda jengo la upande ule mwingine, na yunifomu tofauti kidogo.

Inakaa rahisi, lakini kuna mahali watoi hudondoka. Si kila shule ina Junior. Mitaani kwetu kuna shule nyingi ndogo za kibinafsi na za kijamii, zile za mabati katikati ya ploti, ambazo zingine huishia Gredi 6. Mtoto wa hapo lazima atafutiwe nafasi kwingine. Mzazi akidhani Gredi 7 itajipa tu, Januari inafika na shule ya umma iliyo karibu imejaa. Wiki moja nyumbani inakuwa mwezi, na mwezi unakuwa "atarudi mwaka ujao." Hapo ndipo vita yenyewe iko, kuliko hata zile alama.

Kwa hivyo fanya haya kabla ya Oktoba:

Uliza shule ya dogo kama ina Junior. Kama haina, anza kuulizia nafasi sasa, si Januari.

Angalia cheti cha kuzaliwa. Kama kilipotea mlipohama keja, kishughulikie mapema, kwa sababu kitaitishwa.

Angalia vile jina lake limeandikwa kwa usajili wa KNEC. Namba ya tathmini anayotumia Gredi 6 ndiyo humfuata hadi Gredi 9. Herufi moja ikikosewa saa hii, itawasumbua miaka mitatu baadaye.

Na mtu akisema arudie Gredi 6 "ndio ashike vizuri", jua sheria ile ile ya 2013 hairuhusu shule kumzuia mtoto kupanda darasa.

Na wewe je?

Wewe bro mkubwa, wewe sistee, una kitu ambacho mathe hana. Ulipitia mtihani wa kitaifa na bado uko hapa. Dogo anakuangalia zaidi ya vile unafikiria. Ukimwambia "ukianguka hii umeisha," atakuamini. Ukimwambia ni asilimia 20 na bado kuna miaka mitatu, ataamini hiyo pia, na ni hiyo ndiyo ya ukweli.

So usiku wa kuamkia mtihani, punguza sauti ya spika, mchongee penseli mbili, hakikisha amekula chapo yake na madondo, alafu alale saa tatu. Asubuhi msindikize hadi getini kama una nafasi. Na jioni akirudi, usianze na "ulipata ngapi?" Muulize kama walicheka na marafiki zake. Hao watoi wamekuwa pamoja tangu wakiwa wa kubebwa mgongoni, na mwaka ujao si wote watarudi kwa ile geti.