Kila ununuapo, waichora ramani

Hebu fikiri, msomaji. Umeingia dukani Jumamosi jioni kununua unga, sukari na sabuni. Mhudumu anakuuliza iwapo una kadi ya pointi. Unamtajia nambari yako ya simu, unalipa kwa simu hiyo hiyo, unakwenda zako. Je, wadhani mambo yameishia hapo? La hasha! Habari ulizoziacha nyuma, yaani ulinunua nini, wapi na saa ngapi, zaweza kutiwa katika tarakilishi zikawa nukta moja katika ramani.

Nukta moja haina maana kubwa. Zikiwa maelfu, ramani huanza kusema. Humwonyesha mfanyabiashara wateja wake wanatoka mitaa gani, wanasafiri umbali gani, na ni mtaa upi una watu wengi lakini hauna duka la karibu. Ndipo huamua pa kufungua tawi jipya.

Ujuzi huu haukuanza jana. Huko Marekani katika miaka ya 1970, Jonathan Robbin wa kampuni ya Claritas alilinganisha hesabu ya watu na tabia za wanunuzi, akayagawa maeneo yote ya posta ya nchi hiyo katika makundi 40. Aliamini kuwa ndege wa bawa moja huruka pamoja: majirani aghalabu hununua vitu vya namna moja.

Hapa kwetu sanduku la posta halisemi unalala wapi. Simu ndiyo husema, kwa kuwa kila unapopiga, mlingoti ulio karibu huweka kumbukumbu. Mwaka wa 2012, watafiti walichapisha katika jarida la Science matokeo ya kuchunguza kumbukumbu za mwaka mmoja za simu za Wakenya karibu milioni 15, bila majina yao. Walizilinganisha na ramani ya malaria, wakaona jinsi wasafiri wanavyoyabeba maradhi hayo kutoka eneo la Ziwa Victoria hadi Nairobi. Kumbe kupambana na mbu kule ziwani ni kuilinda pia familia ya jijini!

Hata hivyo, ramani hizi zina kasoro. Humwonyesha aliyenunua, wala si aliyekosa. Nyanya asiye na simu, anayenunua mboga kwa sarafu kibandani, hana nukta. Tena mtaa ukishapachikwa jina la “maskini”, wenye mali huweza kuukwepa, ingawa kila nyumba ina hali yake. Na nukta zinazoonyesha ulalapo na ufanyapo kazi zaweza kukutambulisha hata jina lako likifutwa.

Ndiyo sababu Kenya ilipitisha Sheria ya Kulinda Data mwaka wa 2019. Inakupa haki ya kuelezwa habari zako zinatumiwa vipi, kuziona, kusahihisha zilizo na makosa na kukataa zisitumiwe kukutangazia bidhaa. Habari za mtoto nazo zahitaji idhini ya mzazi au mlezi.

Basi ewe mzazi, na wewe mwanafunzi, mkiombwa nambari ya simu dukani, ulizeni kwanza: ya nini? Anayeihitaji kwa jambo jema hatakosa jibu.