Tabasamu hulegeza mwili, lakini halichukui nafasi ya maandalizi

KAKAMEGA

Kijana akikaribia kuingia kwenye mahojiano ya kazi, nasaha huwa ile ile: "Tabasamu, usiogope." Huambiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Masinde Muliro hapa Kakamega anayesubiri kuitwa mbele ya jopo, na huambiwa binti wa Malindi anayetafuta kazi ya mapokezi hotelini. Wengi huyachukua kama maneno ya kuliwaza tu. Je, yana ukweli? Yanao, ila una mipaka, na mipaka hiyo ni muhimu kuijua.

Mfano bora uko hapa jirani. Kaunti ya Nandi, inayopakana na Kakamega, ndiko alikozaliwa Eliud Kipchoge. Mnamo Oktoba 12, 2019, mjini Vienna, Austria, alikimbia kilomita 42.195 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Muda huo haukuhesabiwa kuwa rekodi rasmi kwa sababu ya jinsi mbio zenyewe zilivyopangwa, lakini hakuna binadamu aliyekuwa amekimbia umbali huo chini ya saa mbili kabla yake. Waliomtazama katika mbio zake wamezoea kumwona akitabasamu pale ambapo wengine hukunja uso kwa uchungu. Mwenyewe ameeleza kuwa hufanya hivyo makusudi, ili alegeze mwili na kuyapita maumivu.

Watafiti waliamua kulipima jambo hili. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2018, Noel Brick wa Chuo Kikuu cha Ulster, Ireland Kaskazini, na wenzake waliwaweka wakimbiaji 24 kwenye mashine ya kukimbilia. Kwa zamu, kila mmoja alikimbia akitabasamu, akikunja uso, akilegeza mikono na mabega, na akiwaza mambo yake ya kawaida. Walipotabasamu walitumia oksijeni pungufu kwa takriban asilimia 2.8 kuliko walipokunja uso. Ni tofauti ndogo, na si kila mkimbiaji aliyefaidika, lakini katika mbio ndefu hata tofauti ndogo ina uzito.

Kwa nini iwe hivyo? Hofu haikai moyoni peke yake. Mtu akiogopa, taya hubana, mabega hupanda, pumzi hufupika na moyo hudunda. Uso uliokunjwa ni sehemu ya mkazo huo. Ukiulegeza uso, sehemu nyingine za mwili nazo hupata nafasi ya kulegea. Mwaka 2012, Tara Kraft na Sarah Pressman wa Chuo Kikuu cha Kansas, Marekani, waliwapa watu 169 kazi za kuwatia wasiwasi, mojawapo ikiwa kutumbukiza mkono katika maji ya barafu. Baadhi yao walibana vijiti vya kulia chakula kwa meno, kwa namna iliyowafanya watabasamu. Baada ya kazi hizo, mapigo ya moyo ya waliotabasamu yalikuwa ya chini kuliko ya wenzao.

Hata hivyo, tusilipambe tabasamu kupita kiasi. Mwaka 1988 Fritz Strack na wenzake walidai kuwa aliyebana kalamu kwa meno aliona vibonzo vinachekesha zaidi. Mwaka 2016, maabara 17 zilirudia jaribio hilo na hazikupata matokeo hayo. Kisha mwaka 2022 ukatoka utafiti mwingine mkubwa, uliowashirikisha watu zaidi ya 3,800 katika nchi 19. Huo ulionyesha kuwa kuiga tabasamu kwa hiari huongeza furaha, ila kidogo tu. Basi tabasamu ni msaada, si dawa. Hakuna jopo litakalomwajiri mtu asiyeijua kazi kwa sababu ana meno meupe.

Faida nyingine hutoka kwa anayekutazama. Sisi watu wa Pwani twajua thamani ya bashasha: mgeni hupokewa kwa uso kabla ya maji na chakula, na Waislamu hufunzwa kuwa kumtabasamia mwenzako ni sadaka. Huku Kakamega nako, salamu ya "mulembe", yaani amani, haitolewi kwa uso ulionuna. Ukimkunjulia uso anayekuhoji, mara nyingi naye hukukunjulia wake, na hapo maneno yako hutoka kwa urahisi zaidi.

Lakini kuna tabasamu la hiari na kuna la kuamrishwa. Mwaka 1983, Arlie Hochschild wa Marekani aliandika kitabu kuhusu wahudumu wa ndege, akaonyesha kuwa kutabasamu kwa amri ya mwajiri ni kazi, nayo huchosha kama kazi nyingine. Vijana wetu wa hoteli za Diani na Watamu wanalielewa hilo bila kusoma kitabu. Mwajiri anayetaka bashasha ya kweli na aanze kwa mshahara unaofika kwa wakati na saa za kupumzika. Vilevile, aliyefiwa au mwenye huzuni ya muda mrefu asiambiwe atabasamu yaishe. Anahitaji kusikilizwa, na pengine kumwona daktari.

Kwa anayekabiliwa na mahojiano, mambo ni mepesi. Jiandae kwanza: ijue kazi unayoomba na ujizoeze kujibu maswali kwa sauti. Ukiwa nje ya mlango, shusha mabega, achia taya, na uvute pumzi ndefu mara tatu. Ingia, salimia, tabasamu. Kisha uache uso ufuate mazungumzo: swali zito lataka uso makini, na anayecheka muda wote huonekana hana hakika. Ukikwama katikati ya jibu, nyamaza kidogo, legeza uso, uendelee. Jopo linaelewa kuwa una hofu. Linalotaka kuona ni kama unaweza kufanya kazi nayo.