SOKO LA NAFAKA: Sumukuvu yaweza kumeza mtaji wa lori zima

BUZWAGI, Kahama – Mgodi wa dhahabu wa Buzwagi ulimaliza uzalishaji mwaka 2021, lakini biashara ya mahindi Kahama inaendelea. Mahindi ndiyo ugali wa wachimbaji wadogo wa Kakola na Geita, na barabara ya Isaka huyafikisha Rwanda na Burundi. Wanunuzi wengi huuliza bei na uzito. Wachache huuliza unyevu, na hapo ndipo mtaji unapopotelea.

Sumukuvu ni nini?

Ni sumu inayotengenezwa na kuvu, yaani ukungu wa nafaka. Ngano hushambuliwa zaidi na Fusarium, hasa mvua ikinyesha wakati wa kuchanua. Kwenye mahindi na karanga adui mkubwa ni Aspergillus, ambaye huingia shambani mimea ikikosa mvua, kisha hustawi stoo nafaka ikihifadhiwa mbichi. Punje yaweza kuonekana safi na bado ikawa na sumu. Kuchemsha ugali hakuiondoi.

Mwaka 2016 mlipuko wa sumukuvu katika mikoa ya Dodoma na Manyara uliwapata watu 68, na 20 kati yao walifariki. Kenya ilipoteza watu 125 mwaka 2004. Anayekula kidogo kidogo kwa miaka mingi yumo katika hatari ya saratani ya ini.

Kiwango cha soko

Viwango vya Afrika Mashariki vinaruhusu jumla ya mikrogramu 10 tu za aflatoksini, sumu ya Aspergillus, katika kilo moja ya mahindi. Kwa lori la tani 30, hiyo ni chini ya theluthi moja ya gramu kwa mzigo mzima. Unyevu usizidi asilimia 13.5.

Tarehe 5 Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Siku chache baadaye ilifungua mpaka kwa masharti: mwagizaji asajiliwe, na mzigo uwe na cheti cha kiwango cha sumu na cha mahali ulikotoka. Aliyekuwa njiani bila cheti ndiye aliyebeba hasara.

Hesabu ya maji

Tuchukue mfano. Unanunua gunia 300 za kilo 100 kwa Sh 70,000 kila moja, jumla Sh milioni 21. Mahindi yana unyevu wa asilimia 18. Ukiyakausha hadi 13.5, kila gunia hupungua kilo 5 na zaidi. Maana yake umelipa zaidi ya Sh milioni moja kununua maji. Usipoyakausha, maji hayo hayo yanalisha kuvu, na mzigo ukikataliwa unapoteza milioni zote 21. Kwa hiyo anayeuza mahindi makavu akidai nyongeza ya Sh 3,000 kwa gunia hajakupunja.

Mwekezaji mdogo anayefungia mahindi stoo akisubiri bei ipande ajue kwamba kila mwezi wa kusubiri juu ya nafaka mbichi unaongeza hatari.

La kufanya

Kwanza, pima unyevu kabla ya kulipa, kwa mashine. Kung'ata punje hakutoshi.

Pili, chota sampuli kwa bambo kutoka magunia mengi, juu, katikati na chini, kisha changanya. Sumu haisambai sawasawa. Gunia moja bovu laweza kuharibu kundi zima.

Tatu, anika juu ya turubai, si juu ya udongo. Toa punje zilizovunjika na zenye ukungu. Panga magunia juu ya chaga, mbali na ukuta. Mifuko isiyopitisha hewa inafaa, mradi nafaka iwe imekauka.

Nne, punje ulizotoa usizipeleke kwenye chakula cha kuku au ng'ombe. Sumu hupita hadi kwenye maziwa.

Tano, kwa mzigo wa kuvuka mpaka, pima sumu kabla ya kupakia. Tangu 2019 usalama wa chakula uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), anzia hapo. Gharama ya kipimo iingize katika bei ya kuuzia, kama unavyoingiza nauli ya lori.